Sakafu Tuliyoipiga Deki

Ndugu waombolezaji, familia imempa mdogo wa marehemu, yaani huyu aliyesimama mbele yenu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, naye anaomba mumvumilie sauti ikimkwama.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, mtoto wa kwanza wa fundi seremala, katika chumba cha nyuma ya karakana, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, sekondari hadi 1986, kisha chuo cha sanaa, akahitimu uchoraji mwaka 1989. Kwa miaka kumi na sita aliishi kwa brashi, wengi mkimwita Mama Rangi. Tarehe 14 Agosti 1993 alifunga ndoa na fundi redio, wakajaliwa binti mmoja, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1996.

Januari 2006 alikodiwa kuchora picha ukutani katika ukumbi wa dansi, wiki tatu zikapita ukuta mweupe pe, kumbe msanii mwenyewe yuko katikati ya wachezaji, jasho linamtoka. Hakurudi tena kwenye brashi, alijifunza, akafuzu, na kuanzia 2009 akawa mwalimu wa dansi katika ukumbi huohuo. Mdogo wake alimwambia wazi kwamba amerukwa na akili, mtu mzima kuacha fani akarukeruke, na katika miaka yote kumi na mitano hakukanyaga darasani kwake hata siku moja.

Laiti angekanyaga! Angejua kwamba dada alifundisha kwa kuchora nyayo sakafuni kwa chaki, nyekundu mguu wa kushoto, buluu wa kulia, mwanafunzi akafuata.

Oktoba 2023 saratani ya koo ilimnyang'anya sauti. Kuanzia tarehe 3 hadi 6 Machi 2024, akitambaa kwa magoti, alichora dansi yake ya mwisho, ukuta hadi ukuta, awaachie wanafunzi, akalazwa kesho yake, akafariki tarehe 11 saa nne asubuhi, mumewe na binti yao wakiwa kando ya kitanda.

Mchana huo mdogo wake aliufungua ukumbi ili wafiwa wapate pa kukaa, akaona sakafu imejaa chaki, akaita majirani, wakaleta ndoo, wakapiga deki mpaka ikang'aa, naye akajipongeza kwamba angalau amemfanyia dada yake jambo moja. Binti alipofika mlangoni, alipiga yowe ambalo halijamtoka mjomba wake masikioni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani, ninyi wa ndoo msijilaumu, mlitumwa. Wanafunzi, kama kuna aliyechungulia akakumbuka hatua moja, hata nusu hatua, tafadhali asiondoke bila kutuonyesha.

Pumzika kwa amani, dada yangu, mimi nilidhani ni uchafu.