Perpetua Nakhisa, Aliyewavalisha Buti Wanaume wa Mengo

Wachungaji, wazee wa ukoo mliovuka mpaka kutoka Busia kuja hapa Luzira, majirani, wateja, na ninyi wote ambao marehemu aliwahi kuwavua viatu mbele za watu, familia ya Bwana Saverio Wandera inawashukuru kwa kufika, na inaomba utulivu wenu, kwa sababu historia inayosomwa sasa siyo ile iliyoandaliwa kwanza na kamati ya mazishi. Ile ya kwanza, pamoja na heshima zote kwa mwenyekiti wa kamati, baba yetu mdogo Wanjala, ilisema kwamba marehemu "alimsaidia mume wake kuuza viatu," basi, nukta, kana kwamba kazi ya miaka ishirini na miwili ni kumshikia mtu mfuko wakati anatafuta funguo. Watoto wa marehemu, wakiwa pamoja na baba yao, wamekataa mama yao azikwe na sentensi hiyo, na wanaomba sasa isikilizwe ile ya kweli.

Marehemu Perpetua Nakhisa alizaliwa Ijumaa tarehe 21 Mei 1971, katika nyumba za wafanyakazi wa bandari ya Port Bell, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Makokha, aliyekuwa akifunga mabehewa ya treni kwenye meli zilizoyabeba kutoka Kisumu, na marehemu Mama Taaka, wote wenyeji wa Funyula, Busia ya Kenya. Mzee Makokha alikuwa na jozi moja tu ya buti za kazi, nazo zilirudi nyumbani kila jioni zimelowa maji ya ziwa, akawa anaziweka kando ya jiko zikauke, na binti yake, kabla hata hajaanza shule, akawa anazivuta kutoka pale, anazijaza karatasi za gazeti na kuziweka mlangoni penye upepo, akisema, "Baba, ngozi ukiichoma itapasuka, unataka uende kazini na chapati miguuni?" Mzee alilalamika kwa majirani kwamba mtoto huyu ana ugomvi na miguu yake, lakini buti zile alizivaa miaka mingi, na wenzake kazini walikuwa wamekwisha kutupa zao.

Alisoma shule ya msingi hapa Luzira kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, akikatizwa kidogo na vita vya mwaka 1979, kisha akasoma sekondari katika shule moja ya Kiprotestanti kule Mengo kuanzia 1985 hadi 1990, na baadaye akapata stashahada ya biashara mwaka 1993. Mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni iliyokuwa ikinunua ngozi na kuziuza nje, akakaa huko miaka kumi, akajifunza kuitambua ngozi nzuri kwa kuikunja, kuinusa na kuipitisha kidole, na tangu hapo hakuna mtu aliyeweza kumuuzia plastiki na kuiita ngozi, ingawa wengi walijaribu, na mmoja alijaribu mara mbili.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Bwana Saverio Wandera, fundi wa kuchomea vyuma wa Katwe, mwenyeji wa Funyula pia, mtu mpole ambaye marehemu alisema alimpenda kuanzia juu, akafika kwenye magoti akiwa amekwisha kuamua, na alipoyaona maguu yenyewe ikawa ni vigumu kurudi nyuma. Bwana Saverio, kwa sababu ya maji yanayojaa Katwe kila mvua inaponyesha, alikuwa na desturi ya kuingiza suruali yote ndani ya buti na kuikunjia juu soksi nyeupe nene, na desturi hiyo, wapendwa, mnaombwa muiweke akilini. Mungu aliwajalia watoto watatu, Moreen aliyezaliwa mwaka 1998, Sanya mwaka 2001, na Akoth mwaka 2004.

Tarehe 3 Februari 2003 marehemu alifungua duka la buti za wanaume kule Mengo, katika chumba cha mbele cha jengo la familia ya Bwana Abdulghani, kwa akiba yake mwenyewe, kwa leseni yenye jina lake mwenyewe, na jambo hili linasomwa polepole ili hata walio nje ya hema walisikie. Alichagua buti za wanaume kwa sababu aliwaona wanaume wa mji huu wakiteseka bila kujua, huyu kabanwa vidole kwa kununua kiatu asubuhi kabla mguu haujavimba, yule kavaa buti za mjengo na suti ya harusi, na alitaka kuwatendea wema. Wanaume wenyewe waliingia, wakamtazama, wakamwita mama kwa Kiganda, wakauliza, "Nyabo, muzee ya duka iko wapi?" naye akiwajibu kwamba mwenye duka ni yeye, walicheka kwa adabu na kwenda zao. Ikawa hivyo mwezi mzima, mpaka Bwana Abdulghani akamwambia, "Dada yangu, hawa hawaji kununua buti, waja kumtafuta mwanamume. Mlete Saverio umkalishe hapo, afumbe mdomo."

Marehemu alikasirika siku nzima, ni haki yake, halafu akaleta kiti. Bwana Saverio akawa anapanda kutoka Katwe kila alasiri na kukaa katikati ya duka kama hakimu, na marehemu akawa anapiga magoti, anabonyeza ncha ya buti kuona kama kidole gumba kina nafasi, anashika kisigino kuona kama kinapanda mtu anapotembea, kisha anasema, "Mzee anasema hii imekupwaya," au, "Mzee anasema kwa suruali ya bluu chukua ya kahawia, na mkanda ufanane nayo, visigombane," na Bwana Saverio, aliyekuwa akifikiria madirisha yake ya chuma, anaongeza, "Ndiyo hivyo." Duka likajaa. Watu wakatoka Entebbe na Jinja kuja kumwona Mzee wa Buti, wakamsalimia kwa mikono miwili, na yule mwanamke aliyekuwa chini amewashika mguu wakamwachia mfuko wa viatu vyao vya zamani akatupe.

Hali hiyo iliendelea miaka tisa. Marehemu alisema siku nyingine aliona raha kuwa na siri, na siku nyingine alitamani kukipiga kile kiti teke, hasa mteja alipomshukuru mumewe kwa ushauri ambao yeye alikuwa amemaliza kuutoa dakika ileile.

Uongo huo uliharibikia pale ambapo hakuna aliyeutazamia. Wateja walisikia kwamba suruali hushuka juu ya buti, ikaigusa bila kuilalia, lakini maneno hayo yalitoka kinywani mwa mwanamke, na macho yao yalimwona Mzee mwenyewe amekaa pale, suruali ndani, soksi nyeupe nje, tope la Katwe halijakauka vizuri. Wakaamua kwamba mwanamke anasema la dukani na Mzee anavaa la kweli. Kidogo kidogo, Jumapili kwa Jumapili, ibada ya Kiswahili kanisani kwetu ikajaa wanaume waliochomeka suruali za kitambaa ndani ya buti, wamekunja soksi nyeupe kama wacheza mpira wa zamani, na marehemu, aliyekuwa akiimba kwaya na kuwatazama kutoka mbele, alikosa beti nzima.

Jumamosi tarehe 14 Julai 2012 ilikuwa harusi ya Bwana Sebit, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini na mteja mkubwa wa duka, katika kanisa moja kule Mengo. Marehemu alikuwa amempa yeye na wapambe wake buti nyeusi za ngozi laini, zenye mpira pembeni, buti ambazo mtu angeweza kuzikwa nazo kwa fahari, na alikwenda kanisani na mumewe akitarajia kufurahi. Alipofika getini alimkuta bwana harusi na wapambe wote wamesimama mstari, suti za bei, suruali zimechomekwa ndani ya buti mpaka zimefura magotini, soksi nyeupe zimekunjwa juu, wanapigwa picha. Bwana Saverio siku hiyo alikuwa amevalishwa na mkewe, suruali imeshuka vizuri, na Sebit alipomwona alimvuta pembeni kwa huruma akamnong'oneza, "Muzee, leo umesahau. Chomeka haraka, watu hawajaona."

Marehemu alijua vizuri ambacho kingetokea akifungua mdomo, kwamba wateja wakisikia ushauri wote ulitoka kwake huenda wasirudi tena, na kwamba miaka tisa ya jasho inaweza kumalizikia kwenye geti la kanisa. Akafungua mdomo. Akawaambia, "Kaeni chini, wote, na wewe bwana harusi uwe wa kwanza. Hizo ni buti za harusi, si za kukamatia kuku kwenye mvua." Mjomba wa Sebit akamzuia kwa heshima, "Nyabo, pole, hii maneno ya wanaume, wacha muzee mwenyewe aseme," na uwanja mzima ukageuka kumtazama Bwana Saverio.

Bwana Saverio, ambaye kwa miaka tisa alikuwa amesema maneno mawili tu, akavua kofia akasema, "Mimi ni fundi wa vyuma. Suruali nachomeka kwa sababu Katwe kuna maji. Mambo ya buti sijui hata moja, mnayajua ninyi kuliko mimi. Duka ni la huyu mama, na yote mliyosikia kwangu yalikuwa yake. Hata hizi nilizovaa ameninunulia, na alinifunga kamba."

Bibi harusi, aliyekuwa amefika na kushusha kioo cha gari kusikiliza, akacheka mpaka msimamizi wake akashika shela lisianguke, na kicheko kile kikavuka ukuta. Wapambe wakakaa kwenye ngazi za kanisa, suruali zikatolewa na kunyooshwa kwa viganja, soksi nyeupe zikavuliwa, na wageni wenye soksi nyeusi wakazitoa wenyewe, akiwemo mzee mmoja wa kanisa aliyesema hajawahi kutoa sadaka ya namna hiyo. Picha za harusi hiyo bado zimetundikwa sebuleni kwa Sebit, na ni kweli wamependeza.

Wapo waliolikimbia duka baada ya siku ile, wakisema hawawezi kuchaguliwa kiatu na mwanamke, na miezi mitatu ilikuwa migumu, lakini picha zilizunguka, watu wakauliza bwana harusi alivalishwa na nani, na safari hii jibu lilikuwa jina lake. Walioingia dukani kuanzia hapo walimsikia kwa sauti yake mwenyewe, na wengi mliopo mnaikumbuka. Mwenye kiatu cha ncha ndefu aliambiwa, "Baba, kiatu chako kimefika, wewe tunakutarajia kesho." Aliyetaka saizi ndogo kwa sababu ilibaki moja aliambiwa buti si mchumba, haizoeleki kwa kuvumilia. Aliyepaka rangi ya viatu kwenye ngozi ya manyoya laini alipewa brashi kavu na somo, na Bwana Abdulghani, aliyekuwa akivaa makubadhi siku zote, aliamka asubuhi moja akanunua buti, akisema amechoka kusikia raha za wenzake upande wa pili wa ukuta.

Mwezi Julai 2024 marehemu aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kusafishwa damu katika hospitali ya Mengo, akitoka pale anapitia dukani, na hata alipolazwa aliendelea na kazi kwa kumwambia muuguzi wa kiume, "Mwanangu, buti zako ni nzuri, zikaze kamba tu, zisikukimbie." Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Jana mchana, katika kikao cha familia, ilipendekezwa kwamba duka lishikwe na kijana wa baba mdogo Wanjala, kwa kuwa duka la wanaume linataka mwanaume mbele, na wazee kadhaa wakaitikia. Bwana Saverio akauliza, "Wanjala, hizo buti ulizovaa umenunua wapi?" Akajibiwa, "Kwa shemeji." "Na nani alikukataza zile nyekundu?" "Shemeji." "Basi duka ni la shemeji yako. Mimi siwezi kugawa kisicho changu, na aliyefundishwa kazi na mwenyewe ni Moreen." Baba mdogo alitazama miguu yake, akasema zile nyekundu kweli zingemletea aibu, na ameomba isomwe hapa kwamba ameliunga mkono jina la Moreen. Imesomwa, na familia inamshukuru.

Familia inawashukuru pia madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Luzira waliopika na kubeba viti, kwaya ya ibada ya Kiswahili, familia ya Bwana Abdulghani, mafundi wa Katwe waliofunga karakana zao leo, na wachuuzi wenzake wa Mengo. Hatuwezi kuwataja wote, mpokee asante yetu mlipo.

Mama, umefanya kazi yako, na leo imetajwa kuwa ni yako. Mungu akupumzishe kwa utulivu wake. Jumatatu tarehe 17, saa mbili asubuhi, Moreen atafungua mlango, na atakayeuliza mwenye duka yuko wapi, atakuwa anazungumza naye.