Mwalimu Maimuna na Tairi la Nne

Tarehe 30 Juni 2025, Mwalimu Maimuna Shamte anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, ishirini na mmoja kati ya hiyo akiwa na darasa la awali hapa Kiranjeranje. Alitokea Songo Songo na begi moja na kapu la makopo matupu. Mkuu wa shule wa wakati huo alidhani amekuja kufungua genge.

Makopo yakawa simu na sufuria. Magunzi yakavishwa vitambaa, yakawa watoto wenye majina na homa zao. Madumu ya mafuta ya kula yakawa magari, na matairi yakakatwa kwenye kandambili kuukuu. Mimi nafundisha darasa la kwanza, upande wa pili wa ukuta, na nakiri nililalamikia kelele mara nyingi. Alinijibu kwa upole kwamba kelele hizo nitazipokea mwakani zikiwa zinajua kujieleza. Ni kweli. Watoto wake wakifika kwangu, kazi ni kuwanyamazisha.

Mwaka 2019 aliletwa Naima, wa miaka mitano. Nyumbani alizungumza Kimachinga, lugha ya kwao, na bibi yake, Bi Ziada, lakini akivuka mlango wa darasa alifunga mdomo. Wenzake wakamwita bubu. Bi Ziada alichoka kuona mjukuu wake akichekwa, akasema muhula ukiisha bila neno, atamrudisha nyumbani na shule basi.

Katika likizo fupi nikataka kusaidia. Niliona kila gari lina matairi matatu. Nikakaa siku mbili na kisu na misumari, nikayakamilisha yote, nikajipongeza sana. Shule ilipofunguliwa, darasa la awali likawa kimya kama ofisi ya mkuu. Kila mtoto alisukuma gari lake, hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake. Naima, ambaye alishaanza kumvuta mwalimu khanga, akarudi kwenye kona yake.

Mwalimu Maimuna hakunigombeza. Aliniomba tu nimshikie magari huku akiyang'oa matairi niliyopigilia. Kumbe la nne hukaa mfukoni mwake, na anayelitaka sharti aje aliombe kwa maneno, kwa lugha yoyote aliyonayo. Akishaomba, huulizwa gari linakwenda wapi na limembeba nani. Niliona aibu kwelikweli.

Wiki ya mwisho ya muhula Naima alimletea gari lake, akasimama. Mwalimu akasubiri. Akasubiri sana; mimi ningekuwa nimeshampa.

"Mwalimu, tairi langu," akasema Naima, kisha akaeleza kwamba gari linampeleka bibi yake Lindi, kwa daktari wa macho. Bi Ziada alipopata habari alikaa chini palepale uwanjani, akalia.

Leo Naima yuko darasa la sita, na ndiye anayesoma risala ya wanafunzi kwenye sherehe hii ya kumuaga mwalimu wake. Ameiandika mwenyewe, kurasa nne, nasi tumeshindwa kumshawishi aipunguze.

Mwalimu Maimuna anahamia Rasbura, Lindi mjini, kwa binti yake. Tunakushukuru, dada yetu, kwa kelele zote zile. Zawadi ya wanafunzi ni gari la dumu walilolitengeneza kwa mikono yao, na usishangae kukuta lina matairi matatu. La nne analo Naima mfukoni. Tunakutakia maisha mema na afya tele, na siku utakayolitaka tairi lako, njoo useme. Tutasubiri, kama ulivyotufundisha.

Mwl. Cletus, darasa la kwanza