Theluji ya Kwenye Simu

Ndani ya treni ya jioni, binti alisikia sauti ya baba yake kiti cha mbele, akajikunyata. Chuo kilikuwa kimempeleka ng'ambo kusoma Kijerumani. Lugha ikamshinda, akarudi kimyakimya, na sasa alikuwa akijificha nyumbani kwa rafiki yake, baba asijue.

Baba, fundi cherehani, alikuwa akipiga soga na abiria mwenzake, mama mmoja mchangamfu. "Binti yangu alipokwenda Ujerumani kusoma, koti lake la baridi nilimshonea mwenyewe."

"Hongera, kaka! Anarudi lini?"

Mtu usiyemjua unaweza kumwambia hata yale usiyomwambia ndugu. "Alisharudi, dada. Shangazi yake alimwona sokoni. Lakini kila wiki hunipigia simu, ananiambia huko theluji inaanguka."

"Nawe wamjibuje?"

"Namwambia ajifunike vizuri."

"Jamani! Si umfuate umlete nyumbani?"

"Nikimfuata nitamuumbua. Acha aje mwenyewe."

"Na asipokuja?"

Treni ikasimama. Fundi akaaga, akaelekea mlangoni. Uso wa binti ulikuwa ukiwaka moto. Alitaka kuita "Baba," neno ambalo hakufundishwa darasani, lakini midomo ikagoma, na mlango ukafungwa.