Nikodemu Gwimo, Aliyegawa kwa Tatu

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu wa Ujiji, asalaam aleikum. Mimi ni Oswald, mdogo wake marehemu, fundi baiskeli wa Buzebazeba, kusoma na kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo haya nimeyaandika kwa mkono wangu, na leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Marehemu Nikodemu Gwimo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Ilagala, mtoto wa pili wa Mzee Bariki Gwimo, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1976, kisha akasomea umeme Tabora, akahitimu Novemba 1980. Alihudumu kwenye mitambo ya umeme hapa Kigoma hadi mwaka 2001, akaanza kujitegemea Gungu, na huko ndiko alikopewa jina la Gawa kwa Tatu, maana kila mteja mwenye mashine aliambiwa kwanza wati zako zigawe kwa tatu, kisha kwa volti mia mbili thelathini, tujue kila fezi, yaani kila njia moja kati ya tatu za umeme, itabeba ampea ngapi, habari ya waya baadaye.

Alifunga ndoa na Rozalia tarehe 5 Septemba 1987, Mungu akawajalia watoto watatu, Dainess, Erick na Semeni. Ugomvi ulikuwepo, asiyegombana na mkewe anyooshe mkono, lakini hawakulala na kinyongo.

Mwaka jana kina mama wauza samaki wa mwalo wa Ilagala walinunua mashine ya barafu, ili migebuka yao isiendelee kuwaozea. Marehemu alipokwenda kuifunga alikuta karibu vibanda vyote vimerundikwa kwenye fezi moja, maana zile nyingine mbili ziliwahi kukatwa na radi, zikatengenezwa zikapona, lakini jina la fezi mbovu halikuzitoka, na kila mwenye kibanda alimbembeleza fundi, niunge kwenye nzuri. Hiyo nzuri ilibeba ampea sabini na nane, wenzake kumi na moja na tisa, waya wa kila fezi mwisho wake themanini, na mashine ilitaka ishirini na mbili kwa kila fezi. Akakataa kuiwasha mpaka vibanda vihamishwe. Akatukanwa. Mliomwambia Mzee unatuletea giza na hesabu zako, mpo hapa, nawaona, kaeni tu, chakula kipo.

Desemba figo zikamlaza hospitali, mashine ikabaki chini ya turubai, na kina mama wakaanza kuiaga. Dainess, aliyejifunza kazi kwa baba yake, akaenda kibanda kwa kibanda kuwasihi wenyewe wakubali kuhamishiwa fezi zile mbili, wa kwanza kukubali akawa Mama Regina, aliyesema taa yangu ikizimika nahamia kwako na wanangu wote. Haikuzimika, wengine wakafuata, na tarehe 1 Februari mashine ikanguruma. Dainess akampigia baba yake, naye hakuuliza kama imewaka, aliuliza kila fezi ina ngapi, akajibiwa hamsini na nne, hamsini na tano, hamsini na tano, akacheka mpaka muuguzi akaja mbio, akasema haya mwanangu, sasa mfundishe na mwingine.

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Gungu, mafundi wenzake, na kina mama wa Ilagala, mlioleta barafu iliyomo kwenye ndoo hizi za maji tunayokunywa.

Kaka, mzigo wako tumegawana, hakuna aliyelemewa. Pumzika.