Kisima cha Mama Birika

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali manne, ukutani mwa duka langu la fotokopi. Kila asubuhi hukaa hapo watu watatu walewale: Kinyozi, Fundi Viatu, na Mwalimu Dira aliyefundisha jiografia miaka thelathini na mpaka leo hajakubali kwamba kengele ya mwisho imeshalia. Kahawa anatuuzia Mama Birika, maji yake anachota kwenye kisima cha uani kwake, alichochimba marehemu mumewe mwaka waliooana. Tangu augue ile homa mbaya, ulimi wake hautofautishi chumvi na sukari. Kwa hiyo kila akimimina huuliza maji yakoje leo, nao humjibu matamu. Na mimi humjibu hivyohivyo. Maji yale ni ya chumvi. Bahari imeyafikia kwa chini, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mjane kwamba kisima cha mumewe kimekufa. Tulichoweza ni kumwomba aongeze tangawizi.

Asubuhi hiyo alimimina, akauliza, akajibiwa, akarudi uani kuchochea moto. Ndipo wakaanza kuijadili bahari, kama kawaida yao, kana kwamba ni habari ya nchi nyingine.

— Kosa ni la kile kilima, alisema Kinyozi. Wamekivunja kokoto mpaka nchi imekuwa nyepesi upande mmoja. Imeinama kama sinia.

— Kwani ukimnyoa mtu upande mmoja, shingo inapinda? aliuliza Fundi Viatu.

— Inategemea kichwani mna nini. Wewe ingepinda.

Fundi Viatu alikuwa na lake. Chini ya bahari, alisema, kuna mlima unaota polepole kama jino la mtoto, na maji yakikosa nafasi yanatafuta pa kwenda. Mwalimu Dira akawaambia wote wawili kwamba shule walienda kula uji tu. Ni mwezi. Umechoka, umeshuka kidogo, na maji yanaufuata hata ndani ya ardhi. Akachora duara mchangani kwa fimbo, akaweka na mishale.

Mambo haya nimeyasoma chuo kikuu. Ardhini maji ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi. Mvua zikipungua na pampu zikizidi, ya chini hupanda. Mwalimu anajua, ndiye aliyenifundisha kwanza. Lakini ukilisema hilo, itabidi utaje visima, na kisima kina mwenyewe. Mwezi hauna mjane.

Wakati Mwalimu anaongeza mshale wa nne, akafika binti yake Mama Birika, yule aliyeolewa mbali huko milimani. Alikuwa ametoka kituo cha basi moja kwa moja, begi begani, bahasha ya hospitali mkononi. Wiki iliyopita mama yake alimtembelea kwa siku mbili, naye akampeleka kupimwa kwa sababu ya miguu iliyovimba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Hakukaa. Alizungumza kwa sauti ya chini ili mama yake asisikie. Presha iko juu sana, na figo zimeanza kuchoka. Daktari alimuuliza mama mara tatu anakula chumvi kiasi gani, na mama aliapa kwamba tangu ile homa hajaitia kwenye sufuria, maana ulimi wake hauisikii.

— Wazee wangu, nyinyi mnashinda naye. Hiyo chumvi anaitoa wapi?

Kinyozi alitazama upande wa kilima. Fundi Viatu aliokota kiatu kisicho na kasoro, akaanza kukikagua soli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na karatasi za mteja mkononi, nikazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika.

Mwalimu Dira ndiye aliyemsogezea kikombe. Binti akakataa kwa adabu, hakuja kunywa kahawa.

— Onja, mwanangu.

Akaonja. Hakutema. Alimeza, akakitazama kikombe, kisha akatutazama sisi wanne, mmoja baada ya mwingine.

— Tangu lini?

Mwalimu alianza kuhesabu miezi kwa vidole. Mkono wa kwanza ulipojaa, akahamia wa pili. Huko uani tukasikia ndoo ikishuka kisimani.