Mzee Mbaluka Mwau na Besi Isiyo na Kushoto wala Kulia

Tuko hapa Kathonzweni kumsindikiza Mzee Mbaluka Mwau: mume, baba, umau, yaani babu, wa wajukuu wake, fundi wa pampu za visima na mpiga besi. Marehemu hakupenda hotuba ndefu. Kwa mara ya kwanza hawezi kuondoka katikati, kwa hivyo tutajaribu kumheshimu.

Mzee Mbaluka alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 karibu na soko la Mbumbuni, mtoto wa tatu wa marehemu Mwau Nzioka na marehemu Kavata Mwau. Mama yake alisema hadi uzeeni kwamba watoto wengine walizaliwa wakilia lakini huyu alizaliwa akinguruma. Alikua akichunga mbuzi, na wale mbuzi walipotea mara nyingi, kwa sababu mchungaji alikuwa amefunga waya kwenye debe na kulala chali akiusikiliza.

Alisoma shule ya msingi Mbumbuni kuanzia mwaka wa 1967 hadi 1973, kisha akaingia sekondari. Aliacha shule akiwa kidato cha pili, mwaka wa 1975. Habari rasmi ni kwamba karo ilikosekana. Dada yake Mbithe, ambaye yuko hapa na yuko tayari kuapa, anasema karo ilikuwepo. Aliyekosekana ni mwanafunzi. Alipatikana Makindu, amesimama nyuma ya bendi ya Ndata Boys, amebeba gitaa lililomzidi kimo.

Na Ndata Boys alipiga besi hadi mwaka wa 1984, kwenye masoko na harusi za Kitui na Makueni. Waliomsikia wanasema mpiga solo ndiye aliyepigiwa makofi, lakini Mbaluka akiacha kupiga, watu waliacha kucheza bila kujua ni kwa nini. Mwaka wa 1985 aliajiriwa kama fundi wa pampu za visima, akazunguka kaunti hizi mbili kwa pikipiki hadi alipostaafu mwaka wa 2019. Kuna vijiji ambavyo havikuwahi kujua jina lake. Vilimwita "Maji."

Mwaka wa 1986 alipeleka mbuzi wa ntheo, wale wa kufungua posa, kwa kina Kalondu, kule Kabati, Kitui. Wazee walimkalisha chini wakamuuliza kazi yake. Akajibu, "Napiga besi, na natengeneza pampu." Mzee mmoja akauliza, "Hiyo ya pampu ni ya kweli?" Walipohakikishiwa kwamba ni ya kweli, mbuzi akachinjwa. Walibarikiwa na watoto watatu: Mbinya, Kathini na Mwau. Kalondu ametuomba tuseme kwamba katika ndoa hiyo ya miaka karibu arobaini mume wake hakumpigia kelele hata siku moja. Kelele zote alipigia amplifaya.

Mwaka wa 1998 aliokoka, na besi yake ikaokoka naye. Tangu hapo kiti cha pembeni kule mbele kanisani, karibu na spika, kilikuwa chake. Mgeni akikikalia alihamishwa kwa upole na mzee wa kanisa.

Tarehe 9 Septemba 2021, akiwa shambani, Mzee Mbaluka alipatwa na kiharusi. Alilazwa hospitalini Wote kwa wiki kadhaa. Akarudi akitembea kwa mkongojo, mdomo umevutwa upande, na mkono wa kushoto hauna nguvu. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa mkono wa akiba. Kwa mpiga besi, mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi na kutafuta sauti. Wa kulia unazipiga tu. Vidole vyake havikuweza kubonyeza hata swichi ya taa.

Pasta Nzau alikuja kumwona, akamwambia kwa nia njema, "Mzee, wewe pumzika. Kijana wa kinanda atashika besi kwa mkono wake wa kushoto kwa sasa."

Mzee akajibu, maneno yakitoka polepole, "Kinanda kinashika besi vile mtu anashika mtoto wa jirani."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake marefu kwa miezi mingi. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha kusikiliza redio. Alikaa kwenye kibaraza akiangalia barabara, na Kalondu akimuuliza kama atakula muthokoi ama chapati, anajibu "sawa," na sawa si chakula. Mama Mbinya, yaani Kalondu huyo huyo, aliwaambia watoto wake kwenye simu kwamba haogopi mkono ule. Anaogopa huu ukimya. Alikuwa amewaona wazee wengine wakianza hivi, na alijua huwa wanaishia wapi.

Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata, upepo uliangusha mukau mmoja shambani, mti ambao Mzee aliupanda mwenyewe. Gichuru, fundi wa fanicha wa Makindu na rafiki yake wa miaka mingi, alikuja kuupasua. Mbao zilikuwa za Kalondu. Alikuwa ameahidiwa kabati la vyombo tangu watoto wakiwa wadogo, na sasa watoto wana watoto. Mti ulikuwa mwembamba. Ulitoa ubao mmoja tu mpana.

Gichuru alipouweka ule ubao begani, Mzee akainuka pale kibarazani, akaugonga kwa kidole, akainamisha sikio. Akaugonga tena.

"Gichuru," akasema. "Hiki si kitu cha kuwekea sahani."

"Basi ni cha nini, Mzee?"

"Mkono huu wa kulia uko mzima. Ukibonyeza huu, na huu wa kushoto ukapiga kwa kidole gumba peke yake, si ni besi?"

"Hakuna gitaa la hivyo."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Lingekuwa dukani ningeita mwenye duka."

Wakamgeukia Kalondu, maana ubao ulikuwa wake. Alikuwa amebeba beseni la vyombo. Akawaangalia, akaangalia vyombo, akasema, "Sahani zangu zimezoea chini. Endeleeni." Kanisa linamjua Kalondu kama mwimbaji. Sisi familia tunataka ajulikane kwa sentensi hiyo.

Kuanzia siku hiyo nyumba haikulala ukimya. Gitaa lilichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya sebule, ukubwa wake kamili, na wageni walilizunguka kama shimo. Mzee alipanga kila kitu. Shingo itakuwa fupi, itolewe kwenye besi kuukuu ya Ndata Boys, ili mkono mgeni kwa kazi usinyooke sana. Vigingi vya kukazia nyuzi vitakuwa viwili huku na viwili huku. Pembeni ya shingo vitatiwa vipande vya mfupa wa mbuzi, viwe alama, kwa sababu sasa itabidi aangalie anakobonyeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Karibu na nyuzi kutakuwa na kijiti cha kuegemeza kiganja cha kushoto kisianguke.

Gichuru akapendekeza nyuzi tano. "Vijana siku hizi wote wanaweka tano, Mzee."

"Hizo nne sijazimaliza."

Kisha ikaja siku ya kukata, na hapa lazima tuseme ukweli hata kama Gichuru amekaa mstari wa mbele. Gitaa la kawaida lina pembe mbili mwilini, ya juu ndefu na ya chini fupi. Ukitaka la mkono wa pili, unageuza umbo. Mzee Mbaluka alikata umbo kwenye katoni kwa kufuata gitaa lake la zamani, akaligeuza yeye mwenyewe, akalituma Makindu likiwa tayari. Halafu, kwa vile hakumwamini mtu, akapiga simu: "Kumbuka ni la mkono wa kushoto!" Gichuru, mtu makini anayeheshimu wazee, akachukua katoni akaligeuza.

Kugeuza mara mbili ni kurudi ulikotoka. Gichuru alipoleta ule ubao umekatwa vizuri, umepigwa msasa unang'aa, ulikuwa gitaa la watu wote wa dunia hii isipokuwa mmoja.

"Nililigeuza!" akasema Mzee.

"Na mimi nikaligeuza!"

"Nani alikuambia ugeuze?"

"Si ni wewe, kwa simu!"

Ubao mwingine mpana haukuwepo. Mzee akaketi, na Kalondu, aliyekuwa mlangoni, akauona uso wake ukianza kurudi kule ulikokuwa kabla ya Aprili. Ndipo akaingia, akauchukua ule mwili wa gitaa, akaugeuza huku, akaugeuza kule, akasema, "Ngai! Wanaume wawili wazima mmegeuza kabati langu mpaka limechoka."

Kisha Mzee Mbaluka akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, kwa sababu huo ndio uliokuwa unafanya kazi, na alicheka mpaka Gichuru akashika mkongojo wake usianguke. Alipomaliza akaomba penseli. Akachora mstari kwenye ile pembe ndefu.

"Kata hii. Zote ziwe fupi."

"Itakuwa haina kushoto wala kulia," akasema Gichuru. "Na ukisimama nayo, kichwa cha gitaa kitaanguka."

"Nani amekuambia nasimama? Mimi nina kiti."

Hivyo ndivyo ilivyopatikana besi ambayo wengi wenu mmeuliza ilinunuliwa wapi. Baada ya hapo Mzee alijifunza upya. Miaka yake sitini na tatu, na kidole cha mkono wa kulia kinavuja damu kama cha kijana aliyetoroka shule. Majirani walivumilia. Mbwa hakuvumilia, akahamia kwa Mbithe.

Jumapili tarehe 16 Oktoba 2022 alirudi kanisani, akakaa kwenye kiti chake. Wimbo wa kwanza ulipoanza, alikosea. Hakukosea kidogo, mama mmoja wa kwaya alidhani spika imeungua. Waumini, kwa huruma, wakaendelea kuimba kwa nguvu zaidi ili kumfunika. Mzee Mbaluka akainua mkono wake wa kulia, akasimamisha kanisa zima.

"Msinifunike," akasema. "Nimekosea. Rudini mwanzo."

Pasta Nzau akatazama saa, akatazama kile kiti, akasema, "Mmesikia. Mwanzo."

Wakarudi mwanzo. Tangu siku hiyo hakuna Jumapili aliyokosa, isipokuwa aliyokuwa kliniki, na kijana wa kinanda alirudishiwa mkono wake wa kushoto akautumia kwa mambo mengine.

Mara ya mwisho kupiga ilikuwa Jumapili tarehe 26 Januari 2025. Jumamosi iliyofuata alipatwa na kiharusi cha pili. Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, hospitalini Wote, Kalondu na Kathini wakiwa naye. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, na majirani waliolala nasi matangani.

Ameacha mjane, Kalondu Mbaluka. Watoto Mbinya, Kathini na Mwau. Wajukuu watano waliomwita Umau. Dada yake Mbithe. Na rafiki yake Gichuru, ambaye si wa damu wala wa ukoo lakini ameketi na familia kwa amri ya mjane.

Kuhusu besi, marehemu alisema wazi akiwa na akili timamu. Isizikwe naye, kwa sababu mukau hauozi na ataona aibu kuoza peke yake. Isitundikwe ukutani. Apewe mtu yeyote wa kanisa hili anayetaka kujifunza, wa mkono wowote. Anayeitaka amwone Mama Mbinya, lakini ajue kwamba mama huyo anasikia kila kosa, na hatamfunika.

Mungu akupokee, Mzee Mbaluka, akuoneshe kiti chako. Pumzika.