Kamati Imenyamaza

Benchi lenyewe liko nyuma ya jengo la utafiti wa tiba, chini ya paa la kuegeshea baiskeli, maana mvua ya Bergen haiombi ruhusa. Wenye benchi ni watu waliosoma wakamaliza, wakaitwa madaktari, kisha wakagundua kwamba daktari wa maabara ni mtu anayeishi kwa mkataba wa miaka miwili, na ukiisha anaanza upya kupiga hodi. Kila Ijumaa asubuhi mmoja huleta chuma cha kuokea vafler, zile chapati laini zenye umbo la moyo, mwingine huleta jamu, na chupa kubwa ya kahawa huwekwa katikati. Hapo hufundishwa somo lisilo na mtihani: nani kapewa ufadhili, nani kanyimwa, na ni njama gani iliyopita. Ijumaa hii somo lilikuwa Torunn.

Wanamwita Mama Samaki. Anafuga samaki wadogo wenye milia, ambao ukiwakata kipande cha moyo, moyo unaota tena kama mche. Kwa miaka minne amewazalisha kizazi juu ya kizazi, anatafuta ni kitu gani kinauamuru moyo wa samaki ujiponye wakati wa binadamu unaambulia kovu. Alianzia Gothenburg, ng'ambo ya mpaka, na mkataba wa kule ulipokwisha akawahamishia Bergen kwa mkataba mfupi wa kuziba pengo. Na huo nao unaisha mwezi huu. Ameomba ufadhili wa miaka mitatu, mmoja wa mafunzo kule Utrecht, Uholanzi. Akikosa, matangi yanamwagwa, samaki wanakwenda. Iko kampuni ya dawa Oslo inayomtaka akawauzie dawa zao, nayo inataka jibu leo kabla ya ofisi kufungwa. Wenzake walioomba pamoja naye walishajibiwa. Yeye hajaona kitu.

— Kimya ni dalili njema, alisema Eilif, akijipakia jamu. Wanaonyimwa hujibiwa kwanza. Kukataa ni kazi rahisi.

Huyo ndiye Takwimu. Kazi yake ni hesabu za magonjwa, na hakuna jambo asiloliwekea asilimia, hata mvua.

— Silje alipewa, na alijibiwa Jumatatu, Torunn alisema.

— Silje ni wa pembeni, tunamtoa kwenye hesabu.

— Ukitoa kila asiyekubaliana nawe, kaka, utabaki na nani?

— Nitabaki na ukweli. Halafu wewe unaitwa Ådland. Hiyo Å ndiyo herufi ya mwisho kabisa ya Kinorwe. Kama wanajibu kwa kufuata majina, hata wiki ijayo watakuwa hawajakufikia.

Torunn aliikamata hoja hiyo kama mtu anayezama. Ilikuwa na akili kidogo. Lakini Sigbjørn, aliyekuwa akiangalia chuma kisiunguze, akatikisa kichwa polepole, na Torunn akajua ahueni yake imekwisha.

Sigbjørn ni mkongwe wa benchi. Huu ni mkataba wake wa tano, ndevu zimeota mvi kati ya wa pili na wa tatu, na jina lake pale ni Milele.

— Dada, nisikilize mimi niliyekula chumvi nyingi, na niliyenyimwa na kamati hiyohiyo. Kwenye kamati ile kuna watu wa panya na watu wa samaki. Watu wa panya ni wengi. Wakiliona jina la samaki, wanaweka faili chini ya mengine.

— Mwaka juzi alipewa mtu wa chachu, Takwimu alimkumbusha. Chachu hata macho haina.

— Ndiyo maana. Chachu haimtishi panya. Samaki anatisha.

Akamimina kahawa, akaendelea. Alieleza kwamba mwenyekiti wa kamati ana nyumba ya mapumziko kwenye fyodi moja, yaani ghuba nyembamba, na profesa wa zamani wa Torunn, na kwamba wawili hao hawasalimiani tangu walipogombania njia ya kushukia majini. Torunn akamwambia profesa wake hana nyumba ya mapumziko. Milele akasema hapo ndipo unapoona jinsi chuki ilivyofika mbali, mpaka mtu kauza nyumba. Takwimu, asiyependa kushindwa, akaleta ya kwake: amechunguza maombi yaliyofanikiwa, mengi yana picha ya bluu ukurasa wa kwanza. Picha ya Torunn ilikuwa ya rangi gani?

— Nyekundu. Ni moyo, Eilif. Ungetaka niupake bluu?

Wote wawili waliinamisha vichwa kama walioko msibani, na Torunn akajiona akiamini. Yeye, asiyekubali neno kuhusu samaki wake mpaka alipime mara tatu, alikuwa amekaa kwenye benchi lenye umande akijilaumu kwa rangi nyekundu. Alijicheka, lakini hofu haikuondoka.

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, Milele alihitimisha.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Kamati. Tuliisifu sana.

Ndipo akaja Aino. Alikuwa ameanza kazi jengoni wiki hiyohiyo, mtaalamu wa mapafu kutoka Oulu, Ufini, mwanamke wa maneno machache. Alisogezewa nafasi, akapewa vafler na kipande cha jibini la kahawia, naye akatafuna huku wakimsimulia mkasa wote, panya, fyodi, bluu na hata Milele alivyonyimwa. Alipomaliza kumeza akauliza:

— Mmewapigia simu?

Takwimu akamwangalia Milele, Milele akaangalia chuma.

— Mtu hapigi simu, Takwimu alisema mwishowe.

— Kwa nini?

— Haipigwi tu.

— Haraka haraka haina baraka, Milele aliongeza. Na ukimwamsha aliyelala, utalala wewe.

— Kwani wamelala?

Torunn alihisi uso ukipata moto. Kwa wiki nzima alikuwa akifungua ukurasa wa mtandaoni wa ule mfuko wa ufadhili kila asubuhi, akisoma lilelile, ombi linashughulikiwa, na namba ya simu ilikuwa imeandikwa chini yake kwa herufi kubwa. Hakuwahi kuiona kama namba ya mtu. Alitoa simu mfukoni kabla ujasiri haujamtoka. Milele akamshika mkono, akamwambia afikirie vizuri, watamwandika kuwa msumbufu. Torunn akautoa ule mkono taratibu, akapiga.

Aliyepokea alikuwa mama mmoja mwenye lafudhi ya Stavanger, sauti ya mtu anayekunywa chai. Torunn alitaja jina lake. Yule mama akapumua kwa nguvu.

— Ådland wa samaki? Mwanangu, ulikuwa wapi?

— Niko Bergen.

— Sisi tunakuandikia Gothenburg. Mara tatu, na barua pepe zote zinarudi. Namba uliyotupa nayo ni ya Uswidi, inalia tu haina mwenyewe.

Torunn alifumba macho. Vyuo huifunga anwani ya barua pepe mkataba wako unapokwisha, kila mtu pale benchini anajua hivyo, wote wameshaachwa na anwani zao. Aliomba akiwa bado Gothenburg, akahama na samaki, matangi, pampu na chakula chao, akakumbuka kila kitu isipokuwa kuwaambia wenye fedha kwamba amehama.

— Umepewa, yule mama alisema. Na mwaka wa Utrecht umo. Ila hujakubali, na mchana huu ningempigia aliyekufuata. Unakubali?

— Nakubali.

— Sema tena, mtandao mbaya.

— Nakubali, mama. Nakubali.

Alipokata simu alicheka, machozi yakamtoka palepale, na hakuona haja ya kuyaficha. Samaki wanabaki. Kampuni ya Oslo ataiambia asante, tena kwa upole, kwa sababu leo hana ugomvi na mtu yeyote duniani. Takwimu alimkumbatia na vafler mkononi, jamu ikampaka koti. Akakiri kwamba uwezekano wa jambo kama hili hakuwahi kuuhesabu. Aino alijimiminia kahawa iliyobaki chini ya chupa, nusu kikombe yenye masalia, akainywa bila kulalamika.

Milele peke yake hakuinuka. Alimpongeza Torunn, akamaanisha, lakini alibaki ameshika mwiko wa mbao.

— Na wewe, mzee, Aino alimuuliza, wao walikukatalia kwa maneno gani?

— Hawakusema neno. Miaka minne sasa. Nikaelewa.

— Uliomba ukiwa hapa?

— Nilikuwa Tromsø. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha.

Alilisema mwenyewe, akalisikia mwenyewe. Torunn aliona kitu fulani kikilegea usoni pake, kitu alichokuwa amekikaza muda mrefu hata wenzake wakadhani ndivyo alivyoumbwa.

— Uliwapa anwani ipi? Aino aliuliza.

Chuma kilianza kutoa moshi. Hakuna aliyekigusa.